Nyumba Inayogawa Jua

Tarehe 21 Desemba, saa sita mchana, jua la Helsingør huwa limefika mwisho wa safari yake ya kupanda. Limesimama nyuzi 10 na nusu hivi juu ya upeo wa macho, na kuanzia hapo linashuka. Mtu akisimama uwanjani saa hiyo, kivuli chake huwa kirefu zaidi ya mara tano ya kimo chake. Mchana wote, tangu macheo hadi machweo, ni wa saa 7 tu. Miezi sita baadaye, mahali pale pale, mchana hufikia saa 17 na nusu na jua hupanda hadi nyuzi 57. Mji huo uko kaskazini-mashariki mwa kisiwa cha Sjælland nchini Denmark, ukitazamana na Uswidi ng'ambo ya mlango mwembamba wa bahari. Msanifu anayetaka kujenga nyumba ya familia huko hukabidhiwa hesabu hiyo ya jua kabla hajakabidhiwa fedha za mteja.

Siku hizi nyumba za mtindo wa Skandinavia zinapendwa kila mahali. Hata watu wanaojenga Dar es Salaam, Nairobi na Mombasa huwaonyesha mafundi wao picha zake kwenye simu: kuta nyeupe, sakafu ya mbao iliyopauka, kiti chenye miguu myembamba, dirisha la kioo linaloanzia sakafuni hadi darini, mmea ndani ya kikapu. Picha hizo hazisemi uongo. Ila zinaonyesha kilichobaki baada ya kazi kubwa kwisha, na kazi yenyewe haionekani. Ninavyoielewa mimi, kazi hiyo ni ya kugawa. Jua ni kidogo, kwa hiyo linagawanywa ili kila mtu wa nyumba apate fungu lake. Nafasi ni ndogo, kazi za nyumbani ni nyingi, navyo vinagawanywa ili visimwelemee mtu mmoja. Weupe wa kuta ulikuja nyuma ya hayo, kuisaidia nuru ifike mbali zaidi.

Jørn Utzon anajulikana duniani kwa Jumba la Opera la Sydney, ambalo mchoro wake ulishinda shindano mwaka 1957. Kabla ya hapo alikuwa msanifu kijana mwenye mke, watoto na kazi chache za kuhesabika. Akaamua kujijengea nyumba katika msitu wa Hellebæk, kilomita chache kutoka Helsingør, na mwaka 1952 ikakamilika. Ukitaka kuielewa nyumba hiyo, anzia upande wa kaskazini, ambako karibu hakuna kitu cha kutazama. Kuna ukuta mmoja mrefu wa matofali ya manjano, usio na madirisha ya kujivunia, unaoendelea mbele hata baada ya nyumba yenyewe kwisha. Kaskazini hakuna jua la kungojea majira ya baridi, upo upepo tu. Utzon akaupa mgongo.

Upande wa kusini aliufungua wote kwa kioo. Hapa hesabu ya jua inaanza kulipa. Ikiwa ncha ya juu ya dirisha iko mita 2.2 kutoka sakafuni na jua liko nyuzi 10 na nusu, mwale unaopita pale juu husafiri karibu mita 12 ndani ya nyumba kabla haujagusa sakafu. Nyumba isiyo na kina kirefu hupigwa na jua hilo kutoka kioo hadi ukuta wa nyuma. Ndiyo sababu nyumba nyingi za kisasa za Skandinavia ni nyembamba na ndefu, zimelala mashariki kwa magharibi. Majira ya joto, jua likiwa nyuzi 57, upenu unaotokeza mita moja hukitia kioo kivuli cha mita moja na nusu kwenda chini. Upenu huo huo karibu hauzuii kitu Desemba. Kipande cha paa chenye upana wa hatua moja kinafanya kazi mbili tofauti kwa misimu miwili, bila injini wala umeme, na mimi sijaona kifaa cha nyumbani kinachokizidi kwa werevu.

Ndani, Utzon aliacha sebule, meza ya chakula na jiko vionane. Wadenmark wengi wa wakati ule walizoea vyumba vilivyofungiwa milango, jiko likiwa nyuma na sebule mbele. Leo watu huiga uwazi huo kwa sababu unapendeza pichani, lakini chanzo chake ni nuru. Ukuta wa kwanza unaoujenga ndani ya nyumba ndio mahali jua linapokomea, na aliye nyuma ya ukuta huo, ambaye kwa desturi ya miaka ile alikuwa mama jikoni, hupika gizani saa sita mchana. Ukuta ukiondoka, mtoto anayecheza sakafuni na mzazi anayemenya viazi wanaota jua lile lile.

Kazi ya Utzon ninayoipenda kuliko zote, na nasema hivyo nikijua kwamba Sydney ipo, ni mtaa wa Kingo.

Mwaka 1953 yeye na mwenzake walishinda shindano la kubuni nyumba za gharama nafuu kwa mkoa wa Skåne, kusini mwa Uswidi. Nyumba hizo hazikujengwa huko. Utzon hakuitupa michoro. Aliipeleka kwa meya wa Helsingør, akamshawishi, na kati ya mwaka 1956 na 1960 zikasimama nyumba zipatazo 60 kwenye ardhi yenye mabonde na vilima vidogo, zikikizunguka kidimbwi. Zilikusudiwa watu wa kipato cha kawaida. Kila moja ilipewa mraba wa mita 15 kwa 15. Ndani ya mraba huo nyumba imekunjwa kama herufi L: mkono mmoja una sebule, mwingine una vyumba vya kulala, na pande mbili zilizobaki zimezungushiwa ukuta. Katikati kuna ua. Paa ni la mteremko mmoja, limeinamia uani, hivi kwamba ukipita barabarani unaona ukuta wa tofali, vigae na bomba la moshi tu. Maisha yote yamegeukia ndani.

Sasa, nyumba 60 zenye ramani moja zingeweza kupangwa kwa mistari kama kambi, na wasanifu wengi wa miaka ile walifanya hivyo hasa. Utzon alizigeuza moja moja. Hii ua wake unatazama kusini, ile kusini-magharibi, nyingine mashariki kidogo kwa sababu kilima kiko pale na kidimbwi kiko huku. Alizilinganisha na maua kwenye tawi la mcheri, kila moja likijipindia kwenye jua. Ukuta wa ua nao haukupewa kimo kimoja kwa nyumba zote. Penye mandhari ulishushwa, penye jirani ukapandishwa, penye upepo ukazibwa. Ardhi iliyookolewa kwa kuzibananisha nyumba ilibaki kuwa uwanja wa wote, wenye nyasi na njia za miguu, ambako watoto wa nyumba zote hukutana.

Msomaji aliyekulia Lamu au Mji Mkongwe wa Unguja hahitaji kufundishwa ua ni nini. Utzon alijifunza kutoka kwa nyua za kale za wakulima wa kwao, yaani mashamba ya Denmark yenye majengo manne yanayouzunguka uwanja mmoja, lakini pia alisafiri Morocco na baadaye Uchina, na nyumba za huko zenye ua katikati zilimwingia moyoni. Tofauti iko kwenye kazi ya ua wenyewe. Nyumba ya Lamu huuchimba ua wake kuwa mwembamba na wenye kina, kuta zake ndefu zitie kivuli na kuwasitiri waliomo. Ua wa Kingo ni mpana na kuta zake ni fupi, kwa sababu unakusanya jua na kuukatisha upepo wa bahari. Mzazi wa Denmark humlaza mtoto mchanga nje ndani ya kigari hata wakati wa baridi, akiwa amefunikwa vizuri, kwa kuamini kwamba hewa ya nje humpa usingizi mzuri. Ua uliokingwa upepo, unaoonekana kutoka sebuleni, ni mahali pa kigari hicho. Mama anakunywa kahawa ndani na mtoto anaonekana kiooni.

Kuna jambo moja zaidi kuhusu Kingo ambalo wauzaji wa viwanja wa leo wangelitazama kwa makini. Utzon hakuifikiria familia kuwa kitu kisichobadilika. Mtoto huzaliwa, bibi huja kukaa, kijana hutaka karakana, mtu huanzisha kazi nyumbani. Mikono miwili ya nyumba iliweza kurefushwa au kuongezewa chumba ndani ya mraba ule ule, kwenye upande wa ua, bila kumkera jirani na bila sura ya mtaa kuharibika. Ukuta wa nje ulishaweka mpaka. Familia ilikuwa huru ndani yake.

Baadaye, katika nusu ya kwanza ya miaka ya 1960, alilirudia wazo hilo huko Fredensborg, safari hii kwa ajili ya Wadenmark waliorudi nyumbani baada ya kufanya kazi ng'ambo miaka mingi. Humo akaongeza jengo la pamoja lenye ukumbi wa chakula na vyumba vya wageni, kwa kuwa watu waliokaa mbali hivyo wangerudi bila majirani wala mazoea. Nyumba za Fredensborg ni nzuri kwa macho kuliko za Kingo. Za Kingo zina ujasiri zaidi, kwa maana zilijengwa kwa fedha kidogo.

Mpaka hapa nimesema habari za jua. Mgawo wa pili, wa nafasi na kazi, una historia yake, na sehemu kubwa yake iliandikwa na wanawake wa Uswidi.

Mwaka 1941 mtafiti Brita Åkerman alichapisha kitabu kiitwacho Familjen som växte ur sitt hem, kuhusu familia iliyokua hadi nyumba ikawa haiitoshi. Alichunguza jinsi familia za kawaida za Stockholm zilivyoishi hasa ndani ya nyumba zao ndogo, na akakuta jambo ambalo wasanifu hawakulitarajia. Familia yenye vyumba viwili haikuvitumia vyote. Chumba kimoja, kilicho bora, kiliachwa na makochi yake kikimngoja mgeni, huku baba, mama na watoto wakibanana kulala jikoni na penginepo. Wengi wetu tunayo sebule ya namna hiyo, yenye vitambaa vilivyofumwa na kabati la vyombo visivyotumika, na mtoto anayefukuzwa asikalie kiti cha mgeni. Wasanifu wa Uswidi walikuwa wakichora ramani kwa kudhani familia itatumia kila chumba kama kilivyoandikwa jina. Utafiti ule uliwalazimisha kuuliza upya: ni nani analala wapi, anayesoma anakaa wapi, kelele zinaenda wapi, na ni kiasi gani cha nyumba kinachotumika kweli siku ya Jumanne ya kawaida?

Miaka mitatu baadaye, 1944, vyama vya akina mama wa nyumbani na walimu wa maarifa ya nyumbani walianzisha taasisi ya utafiti wa nyumba, iliyoitwa Hemmens forskningsinstitut. Walipima. Walihesabu hatua kutoka kwenye sinki hadi jiko. Walipima kimo cha meza ya kukandia unga kwa wanawake warefu na wafupi, wakatazama mgongo unapoinama na mkono unapofika kwenye rafu ya juu. Kazi ya mama wa nyumbani ilipewa heshima ile ile ya kipimo ambayo kiwanda kilimpa fundi wa mashine. Kutokana na vipimo hivyo zilitungwa kanuni za kitaifa za makabati, vimo na mpangilio wa jiko, na jiko la Uswidi likawa kitu kinachoweza kutengenezwa kiwandani kwa vipimo vinavyojulikana na kufungwa katika nyumba yoyote. Mmoja wa watafiti wakuu wa taasisi hiyo, Carin Boalt, mwaka 1964 alipewa uprofesa katika chuo cha ufundi cha Lund, mwanamke wa kwanza kufikia cheo hicho katika elimu ya juu ya ufundi nchini humo. Unapoliona jiko safi la Skandinavia kwenye picha, lenye mstari mmoja wa makabati na sinki karibu na dirisha, ujue nyuma yake kuna mama aliyefuatwa na karatasi na saa ya kupimia ili mama mwingine asiumie mgongo. Naona hilo ni kubwa kuliko rangi yoyote ya mbao.

Na kabla yao alikuwepo Karin Larsson. Mwaka 1888 baba yake aliwapa yeye na mumewe, mchoraji Carl Larsson, nyumba ndogo ya mbao katika kijiji cha Sundborn, mkoa wa Dalarna. Waliipanua kidogo kidogo kadiri watoto walivyozaliwa. Carl aliichora, na picha zake zilipochapishwa mwaka 1899 zikaenea Uswidi na kuvuka mipaka. Lakini aliyeyafuma mapazia na vitambaa, aliyebuni viti na kuwapa maseremala wa kijiji wavitengeneze, na aliyeondoa mazito yote yaliyoziba madirisha, ni Karin. Nyumba za watu wa tabaka lao zilikuwa za giza, zimejaa mapazia mazito na fanicha za kutisha. Ya Karin ilikuwa na kuta za rangi nyepesi, nyekundu na kijani za kuchangamka, maua dirishani, na watoto katika kila chumba. Tazama vizuri: haikuwa nyeupe tupu. Nyumba inayotajwa kuwa chimbuko la mtindo huu ilijaa rangi, na wanaodhani Skandinavia ni weupe na kijivu watashangaa wakiitembelea Sundborn, ambako bado inapokea wageni.

Nyumba ya familia inayobuniwa leo huko Norwei au Uswidi huanza na chumba ambacho magazeti hukipita haraka: mahali pa kuingilia. Kuna mlango, kisha nafasi ndogo, kisha mlango wa pili, ili baridi isiingie yote kila mtu anapoingia. Viatu huvuliwa hapo. Kuna benchi, ndoano za makoti zilizopangwa kwa kimo cha mkubwa na cha mtoto, na sakafu yenye mabomba ya maji moto chini ya vigae ili buti zilizolowa theluji zikauke kufikia asubuhi. Mara nyingi chumba cha kufulia kiko karibu, chenye mlango wake wa nje, na mtoto aliyetoka topeni hupitishwa huko moja kwa moja. Msanifu asiyejua kupanga sehemu hiyo hana haja ya kuchora sebule.

Kuta nazo zimenenepa. Kanuni za ujenzi za Norwei za mwaka 2017 kwa kawaida zinataka ukuta wa nje uvujishe joto lisilozidi wati 0.18 kwa kila mita ya mraba kwa kila tofauti ya nyuzi moja kati ya ndani na nje, paa 0.13, sakafu 0.10, na dirisha 0.80. Ukuta wa fremu ya mbao hufikia kipimo hicho ukijazwa sufi ya mawe au ya kioo yenye unene wa sentimita 25 hivi. Dirisha huhitaji vioo vitatu. Nyumba iliyozibwa kiasi hicho haipumui yenyewe, kwa hiyo hufungwa mashine inayotoa hewa chafu na kuingiza safi, huku joto la inayotoka likiachiwa inayoingia. Sehemu kubwa ya nyumba za familia za Uswidi hutengenezwa viwandani zikiwa kuta kamili za mbao, hubebwa kwa lori, na husimamishwa kiwanjani kwa muda mfupi, maana mbao iliyoachwa wazi kwenye mvua na theluji huharibika.

Denmark ina kanuni moja ninayoipenda kwa wepesi wake: kwa kawaida eneo la kioo linaloleta nuru lifikie angalau asilimia 10 ya eneo la sakafu ya chumba, ila mbunifu athibitishe kwa njia nyingine kwamba nuru inatosha. Sheria ya nchi inamdai mjenzi nuru ya mchana, kama inavyomdai choo.

Desemba, jua likishazama saa tisa na nusu alasiri, kazi hupokelewa na taa. Poul Henningsen, Mdenmark mwingine, alianza kutengeneza taa zake katikati ya miaka ya 1920 akiwa amechoshwa na balbu ya umeme inayochoma macho. Alipanga vifuniko vitatu vilivyopinda, kimoja juu ya kingine, ili nuru irushwe mezani na balbu isionekane na yeyote aliyekaa. Taa yake ya PH 5, ya mwaka 1958, bado inauzwa. Huning'inizwa chini, juu kidogo ya meza ya chakula, na nyumba huwa na taa ndogo nyingi pembeni badala ya moja kali katikati ya dari. Familia hukusanyika palipo na nuru. Kwa hiyo mahali pa kutundika taa hupangwa mapema, kwenye ramani ya kwanza, pamoja na meza.

Mtindo huu umewahi kuwaumiza hata wenyewe. Katika eneo la Skibet, karibu na mji wa Vejle huko Denmark, zilijengwa nyumba kumi za familia mwishoni mwa miaka ya 2000 kwa kanuni kali za kuokoa joto: kuta nene, hewa inayosimamiwa na mashine, vioo vikubwa kusini. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Aalborg walizifuatilia. Baadhi zilipata joto kupita kiasi majira ya joto, kwa kuwa vioo vilikuwa vingi, kivuli kilikuwa kidogo, na ukuta mnene ulilishikilia ndani joto lililokwisha kuingia. Somo la upenu, ambalo Utzon alilifuata mwaka 1952 kwa penseli na ufahamu wa msimu, lilikuwa limepotea kati ya hesabu za kompyuta.

Basi fikiria kioo hicho hicho Mbezi au Kitengela. Dar es Salaam iko nyuzi 6.8 kusini mwa ikweta. Jua la saa sita mchana haliteremki chini ya nyuzi 59 mwaka mzima, liwe upande wa kaskazini mwezi Juni au kusini mwezi Desemba, na upenu wa kawaida hulizima. Jua linaloingia ndani likiwa chini ni la asubuhi na la jioni, kutoka mashariki na magharibi, na hilo halizuiliwi na upenu. Nyumba iliyonakiliwa kutoka pichani, yenye paa lililokatwa sawasawa na ukuta na kioo kikubwa kinachotazama machweo, humpa mwenyewe joto la saa kumi jioni na bili ya kiyoyozi. Wanaojenga hivyo hutumia fedha walizozichuma kwa jasho la miaka, na inaniuma kuona mapazia mazito yakifungwa juu ya kioo cha bei ghali mwezi wa kwanza tu baada ya kuhamia. Utzon angewageuzia nyumba. Angeulalisha ukuta mfupi usio na madirisha upande wa magharibi, akafungua kaskazini na kusini, akatokeza upenu, akautafuta upepo wa kusi na kaskazi kwa bidii ile ile aliyoitumia kuutoroka upepo wa Hellebæk.

Nasema hivyo kwa ujasiri kwa sababu alipata nafasi ya kulijibu swali hilo kwa matofali na mawe yake mwenyewe. Baada ya kuondoka Australia mwaka 1966, kazi ya Sydney ikiwa haijakwisha, alinunua kiwanja juu ya jabali la bahari katika kisiwa cha Mallorca, Hispania, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 akajenga nyumba ya familia aliyoiita Can Lis, kwa jina la mkewe. Huko jua si haba. Hakuna kitu cha Hellebæk kilichobebwa kama kilivyo. Nyumba imegawanywa katika mabanda manne yaliyopangwa ukingoni mwa jabali, kila moja limegeuka kidogo kuitazama bahari kwa pembe yake: moja la kupikia na kulia, moja la kuketi, moja la kulala, moja la wageni. Ili uende kutoka moja hadi jingine unapita nje, penye kivuli. Kuta ni za mawe ya rangi ya mchanga yanayochimbwa kisiwani, yale yale yanayotumiwa na mafundi wa vijiji vya jirani kwa nyumba za kawaida, na alama za msumeno zimeachwa juu yake. Madirisha yamezamishwa ndani ya vishimo virefu vya mawe, na fremu zake zimefungwa kwa nje, ili aliye ndani aone bahari bila kuona fremu na bila kupigwa na jua. Juu kwenye ukuta wa sebule kuna mwanya mwembamba ambao jua hupenya kwa dakika chache tu alasiri, mstari mmoja wa nuru juu ya jiwe.

Hata hivyo bahari ilimshinda. Mng'ao wa maji uliyachosha macho yake, na wapenzi wa usanifu nao walianza kufika kuchungulia. Mwaka 1994, akiwa na umri wa miaka 76, alijenga tena, safari hii mlimani ndani ya kisiwa, nyumba aliyoiita Can Feliz. Inatazama misonobari, na bahari iko mbali. Can Lis aliwaachia watoto.